Kabla hajaapa jeshini, muulize: nani anakula kwa jasho lako?

SEHEMU YA 1: Swali la mama mmoja

Mimi ndiyo nimetoka zamu ya usiku. Miguu imevimba, chai iko mezani, watoto wameshapanda basi la shule. Leo siongelei chanjo wala homa. Naomba mnivumilie, ni ndefu, nimeigawa sehemu sehemu ili mtu asome kidogo kidogo akiwa ananyonyesha.

Juzi mama mmoja aliniandikia. Mwanawe ana miaka 20, ana grini kadi, anataka kuingia jeshi la Marekani. Ofisa wa kuandikisha amekuja hadi nyumbani, amekunywa chai, ameeleza habari za chuo na uraia. Kijana amekubali. Sasa mama anauliza: "Dada nesi, nimkatie bima ya maisha kabla hajaapa? Nimeambiwa akishaapa makampuni hayamtaki tena."

Kwanza niseme wazi: siuzi bima na sipati kamisheni ya mtu. Mimi ni nesi tu. Lakini nimekaa na wajane, nimekaa na wazazi kwenye zile korido za hospitali, na nimeona karatasi gani zinatafutwa baada ya machozi ya kwanza. Kwa hiyo nina maoni yangu, na nitayasema.

Kwa kifupi ni hivi: usianze na bima, anza na swali. Nani anakula kwa jasho la huyu kijana? Ukipata jibu la hilo, la bima linajijibu lenyewe.

SEHEMU YA 2: Jeshi lenyewe linampa nini

Wengi wetu hatujui kwamba mwanajeshi wa Marekani anapoingia kazini rasmi anawekewa bima ya maisha moja kwa moja. Inaitwa SGLI. Kiwango cha juu ni dola 500,000 tangu Machi 2023. Hapimwi, haulizwi kama ana presha, haulizwi kama babu yake alikuwa na kisukari. Kuanzia Julai 2025 anayebeba kiwango chote anakatwa dola 26 kwa mwezi kwenye mshahara, na dola 1 kati ya hizo ni ya kinga ya majeraha makubwa. Jamani, dola 26. Kuna watu wanalipa zaidi ya hapo kwa ajili ya kucha.

Bima hii inalipa akifa vitani, akifa kwa ajali ya gari akiwa likizo, akifa kwa ugonjwa, hata akijiua. Inazuiwa kwa mambo machache mno, kama uhaini au kutoroka jeshini.

Hilo la ajali na ugonjwa msilipite haraka. Sisi tukisikia "jeshi" tunaona bunduki tu. Kwa miaka ya karibuni wanajeshi wengi wa Marekani wanaofariki wakiwa kazini hawafi vitani. Ni ajali, ni magonjwa, ni kujiua. Kwa hiyo mama anayesema "siku hizi hakuna vita, hana haja ya bima" amekosea, na anayesema "lazima nimkatie bima kubwa kwa sababu ya vita" naye amekosea.

Mbali na SGLI, mwanajeshi akifariki akiwa kazini serikali hutoa dola 100,000 za mkono wa rambirambi, na hizo hutolewa haraka. Hiyo si bima, na ina fomu yake inayoitwa DD 93. Shikeni hilo jina, nitalirudia.

Kwa hiyo kijana wa miaka 20 asiye na mke, asiye na mtoto, asiye na mkopo aliodhaminiwa na mzazi, hata kama anatuma nyumbani dola mia kila mwezi, SGLI inamtosha. Mama, usiende kukopa ili umkatie bima nyingine kwa hofu. Hofu ndiyo inayouza bima mbaya.

SEHEMU YA 3: Lakini kama kuna anayemtegemea

Hapa ndipo maneno yangu yanabadilika.

Kama kijana ana mke, au ana mimba ya mtu inayokua, au wazazi wanakula kwa sababu yake, basi SGLI peke yake naiona kama mwavuli wa kuazima. Ni mzuri, unakinga mvua kweli, lakini siku ukitoka kazini unaurudisha.

Akiacha jeshi, SGLI inaendelea siku 120 tu bila malipo. Baada ya hapo imekwisha. Anaweza kuomba kuhamia bima ya wastaafu wa jeshi, VGLI, ndani ya mwaka 1 na siku 120 tangu atoke. Akiomba ndani ya siku 240 za mwanzo haulizwi maswali ya afya. Akichelewa baada ya hapo, anaulizwa. Na VGLI bei yake inapanda kadiri umri unavyopanda.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Bima hainunuliwi kwa hela peke yake, inanunuliwa kwa afya. Kijana wa miaka 22 anayekimbia maili mbili bila kuhema ni tajiri, ila hajijui. Baada ya miaka minne au sita jeshini anaweza kutoka mzima kabisa, na wengi wanatoka wazima. Lakini nimehudumia pia wanaotoka na mgongo uliokwisha, magoti yamekwisha, masikio yanalia usiku kucha. Wengine wanalala na mashine ya kupumulia kwa sababu pumzi inakatika usingizini. Wengine wana PTSD, wanakunywa dawa za usingizi na za msongo. Huyo akienda kwenye kampuni ya kawaida kuomba bima, ana miaka 28, ana watoto wawili, atapewa bei ya juu au ataambiwa asubiri. Sio kwamba wanamchukia. Wanasoma faili lake.

Ndiyo maana nasema: mwenye familia akate bima yake mwenyewe ya muda maalumu, miaka 20 au 30, angali na afya, na aishike iwe jeshini, iwe nje ya jeshi. Haihitaji kuwa kubwa. Kwa kijana mwenye afya asiyevuta sigara, bima ya muda ni ya bei nafuu. Wakati mwingine kampuni inamtuma mtu nyumbani kupima presha, uzito, kuchukua damu na mkojo. Siku hiyo asinywe kahawa nne kabla ya kipimo cha presha, basi.

SEHEMU YA 4: "Kabla" ni lini hasa?

Hapa ndipo watu wanapojichoma.

Mama aliyeniandikia alitaka kukata bima wiki moja kabla ya kiapo, kimya kimya, kijana asiseme kitu. Nikamwambia dada, hapana.

Fomu nyingi za bima zinauliza moja kwa moja: umejiunga na jeshi, au unatarajia kujiunga? Kijana ambaye ameshaongea na ofisa wa kuandikisha, ameshapimwa MEPS, ameshatia sahihi, jibu lake ni ndiyo. Akiandika hapana, amesema uongo kwenye mkataba. Na katika majimbo mengi kampuni ina miaka 2 ya mwanzo ya kurudi kuchunguza majibu yake akifariki. Wakikuta uongo wa maana, wanaweza kurudisha michango yake na kukataa kulipa. Yaani unakuwa umenunua karatasi. Mjane anashika karatasi.

Akiandika ndiyo, yapo makampuni yatakayokataa, yapo yatakayomkubali na kuongeza kipengele cha vita, yaani akifa kwa vita hawalipi. Yapo pia yanayohudumia wanajeshi na hayaweki kipengele hicho. Kwa hiyo muulize wakala swali moja, na akuonyeshe jibu kwenye mkataba wenyewe: "Akifia vitani mnalipa?" Asikujibu kwa mdomo. Akuonyeshe mstari.

Na aliyekata bima miaka mitatu iliyopita, wakati hana hata wazo la jeshi, akajibu ukweli wake wa siku hiyo? Huyo yuko salama. Kampuni haiwezi kuja kubadilisha mkataba kwa sababu tu leo amevaa kombati. Ila asome kama kipengele cha vita kilikuwemo tangu mwanzo.

Mnaona ninapoelekea? "Kabla ya jeshi" haimaanishi wiki ya kiapo. Bima ya familia inakatwa mtoto anapozaliwa, au mimba inapojulikana, au siku mnapofunga ndoa. Sisi siku hizo tunanunua sare za sherehe na keki ya ghorofa tatu. Mimi sikatazi keki. Nasema bima ya muda ingekuwemo kwenye bajeti hiyo hiyo, leo tusingekuwa tunakimbizana na ofisa wa kuandikisha.

SEHEMU YA 5: Jina kwenye fomu

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike mfululizo huu. Ukisoma sehemu moja tu, soma hii.

Nilimjua dada mmoja. Mume wake aliingia jeshini akiwa hajaoa. Kwenye fomu ya SGLI akamwandika kaka yake mkubwa, na alikuwa na sababu, maana kaka ndiye aliyemleta Marekani na kumlipia chuo. Miaka ikapita. Akaenda nyumbani akaoa, akamleta mke, wakapata mtoto wa kike. Fomu hakuigusa. Sio kwa ubaya. Alisahau, kama tunavyosahau sote. Akafa kwa ajali ya barabarani, Jumapili mchana, akitoka dukani.

Hela yote ya SGLI ilikwenda kwa kaka. Kisheria ilikuwa yake. Na niseme haki, shemeji hakuwa mwizi. Alilia kama mtoto kwenye mazishi. Lakini alikuwa na mkopo wa nyumba, alikuwa na wazazi kijijini wanaosema "mwanetu ametuachia," alikuwa na mke wake naye ana maneno. Akampa shemejie sehemu. Kiasi gani, sitasema. Haikutosha, na undugu ukafia hapo. Dada yule alipata malipo ya mjane na ya mtoto ambayo sheria inampa, hilo namshukuru Mungu. Lakini yule binti anakua hamjui baba yake mkubwa, na nyumba zao ni dakika 15 kwa gari.

Mtu ataniambia, "Si kuna mahakama?" Mahakama imeshasema. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Ridgway dhidi ya Ridgway. Sajenti mmoja aliachana na mke wa kwanza, wana watoto watatu, na mahakama ya jimbo ikamwamuru aiache bima yake iwe kwa faida ya watoto hao. Akaoa tena, akabadilisha fomu, akafariki. Bima siku hizo ilikuwa dola 20,000. Mahakama ya Juu ikasema hela ni ya mke wa pili, kwa sababu sheria ya bima ya wanajeshi inampa mwanajeshi uhuru wa kuandika anayemtaka, na fomu ndiyo inayosimama. Amri ya talaka haikuishinda ile fomu. Wosia nao haushindi.

Ndoa haibadilishi fomu. Talaka haibadilishi fomu. Kuzaa hakubadilishi fomu. Sheria inataka mke aarifiwe mume akimwandika mtu mwingine, lakini kuarifiwa siyo kuombwa ruhusa. Mke hawezi kuzuia. Na hata barua ya kumwarifu isipofika, fomu inabaki halali.

Kwa hiyo wewe dada uliyeolewa na mwanajeshi, mwambie usiku wa leo: "Baba fulani, fungua akaunti yako tuangalie jina." Siku hizi SGLI inabadilishwa kwenye mtandao, na ile DD 93 inasahihishwa kwenye ofisi yao ya utumishi. Ni fomu mbili tofauti. Kubadilisha moja hakubadilishi nyingine.

SEHEMU YA 6: Mambo madogo yanayotuumiza sisi

Haya ni ya kwetu hasa, hutayasikia kwa ofisa wa kuandikisha.

Kwanza, majina. Mwanajeshi anaruhusiwa kumwandika mama yake aliyeko Kakamega, Tanga au Bukavu. Lakini asiandike jina la nyumbani. Fomuni "Mama Neema" hajulikani. Aandike kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho cha mama, herufi kwa herufi, na anwani na simu inayopatikana. Kama mama hana kitambulisho, mtafutieni sasa hivi, msingoje msiba.

Pili, watoto wadogo. Ukimwandika mtoto wa miaka mitatu, hela haiwekwi mkononi mwake. Mara nyingi inabidi mahakama imteue mlezi wa mali yake, na hapo panachukua muda na mawakili. Jadilini mapema nani atashika hela ya mtoto, na muulize msaada wa kisheria wa jeshini, ambao kwa mwanajeshi ni bure.

Tatu, mafunzo ya mwanzo. Jeshi la nchi kavu ni wiki 10, Marine ni wiki 13, na simu anakuwa hana kwa sehemu kubwa. Kama ana bima yake ya nje na inakatwa benki, hakikisheni hela ipo. Malipo yakikosekana, muda wa kusubiriwa ukapita, bima inafutwa huku yeye anapiga pushapu.

Nne, na hii inanikera: mawakala. Wanakuja kanisani, msikitini, kwenye makundi ya WhatsApp, wanauza bima ya maisha yote iliyochanganywa na akiba, dola mia mbili au tatu kwa mwezi, kwa kijana wa cheo cha chini kabisa. Wanajeshi wadogo waliuziwa mikataba mibovu mpaka Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwalinda mwaka 2006. Anayekwambia "hii siyo bima, ni uwekezaji" mwambie arudi kesho, na kesho usifungue mlango.

Tano, wewe mama mwenyewe. Mume akiwa kazini rasmi na ana SGLI, mke anaweza kuwa na bima mpaka dola 100,000, na kila mtoto ana dola 10,000 bila kulipiwa. Tunahesabu uhai wa baba kwa dola, uhai wa mama tunauchukulia kama maji ya bomba. Kama mume yuko kambini na wewe ndiye unayelea watatu, ukiondoka wewe nani atawalea? Angalia kama umo, na unakatwa kiasi gani.

SEHEMU YA 7: "Unamtabiria kifo"

Najua. Hata mimi mama yangu angenifukuza jikoni. Kwetu kuongea habari ya kifo cha mtu aliye hai ni uchuro.

Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijaona aliyekufa mapema kwa sababu aliongea. Nimeona waliokufa wakiwa hawajaongea, na walichowaachia wenzao. Tunajua wote ile meseji inayoingia kwenye kundi saa tano usiku, picha ya marehemu anacheka, chini yake namba ya kutumia mchango. Tunachanga, na ni jambo jema, tusiache. Lakini mchango unazika. Haulipi kodi ya nyumba ya mwezi wa nne.

Kwa hiyo yule mama aliyeniandikia nilimjibu hivi: Mwanao hana mke wala mtoto, na wewe una kazi yako. Usimkatie kitu. Achukue SGLI yote, asipunguze hata senti. Akuandike wewe kwa jina lako la pasipoti. Na umwambie, siku atakayokuletea mkwe, kabla hamjapanga sare, mkae watatu mezani mfungue ile fomu upya, akate na bima yake ya muda, aseme ukweli wote.

Akanijibu kwa sauti, kimya kidogo, halafu: "Dada nesi, ana msichana. Ana mimba ya miezi mitano. Hajaniambia, nimeona kwenye simu yake."

Basi, nikamwambia, jibu limebadilika. Muulize leo. Usimfokee. Muulize tu hilo swali: nani anakula kwa jasho lako? Akimtaja yule msichana mwenyewe, kaeni wote mtafute kampuni itakayomkubali akiwa amesema wazi kwamba anaenda jeshini, na muisome mistari ya vita kabla ya kutia sahihi. Asipomtaja, hapo una kazi kubwa kuliko ya bima.

Haya, nakwenda kulala, nina zamu tena usiku. Wiki ijayo tunarudi kwenye presha ya wajawazito, nimewaahidi. Kama una mdogo wako anayejiandaa kwenda kuapa, mtumie hii leo, na mkeo au mchumba wake pia.